MASHAURI YA KAZI: Nanga Isiyoshika

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya kuhifadhi mbegu za viazi, na kwa kweli tulikuwa tumekwisha kuanza. Lakini limetokea jambo lililotulazimisha kuviweka viazi kando kidogo, nasi twawaomba radhi wale wanaovingojea.

Mama mmoja, mjane wa hapa Ipelele, alitujia jioni akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe alishuka ziwani miaka miwili iliyopita kutafuta kazi ya uvuvi, kama wafanyavyo vijana wengi wa huku juu mazao yanapokosa bei. Karatasi ile ilitoka kwa mwenye mashua. Ilisema kwamba mashua iliyowekwa katika ulinzi wa kijana huyo ilichukuliwa na maji usiku, kwa kuwa hakuifunga vema kamba ya nanga. Wavu umepotea, mbao mbili za ubavuni zimevunjika, na gharama yote itakatwa katika ujira wake mpaka iishe, nayo haitaisha kwa mwaka mmoja. Mama hakutuomba fedha wala barua. Alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, mwanangu ni mzembe?"

Hatukuwa na jibu. Sisi zamani kidogo tulikaa kando ya Ziwa Nyasa miaka minne tukifundisha, tukajifunza kupiga kasia na kutia nanga kwa kadiri ajifunzavyo mgeni. Lakini kumhukumu mtu kwa jambo la usiku tusiloliona hakufai. Basi tukaazimia kushuka. Tunayaeleza hapa tuliyoyaona huko, tena kwa kirefu, kwa sababu nyumba nyingi za Makete zina kijana majini, na kwa sababu makosa ya nanga ni yale yale karibu kila mahali, wala watu hawayatafuti yalipo.

Msomaji asiyepata kuliona ziwa na afahamu kwanza jinsi lilivyokaa. Sisi tunaishi mahali pa ukungu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini yetu, penye mita 475 hivi. Ng'ambo ya mashariki ya ncha yake ya kaskazini imesimama milima ya Livingstone kama ukuta, na ukuta huo haukomi ukingoni mwa maji, bali unaendelea kushuka ndani yake. Kilindi kikubwa cha ziwa lote ni kiasi cha mita 700. Upande wa Kyela, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huleta mchanga na matope, ufuko ni mpana na maji huongezeka kidogo kidogo. Lakini ukiondoka Matema ukafuata pwani kwenda kusini, chini ya milima, mtu aweza kusimama maji yakimfika kifuani, na akienda hatua kumi mbele asiipate nchi tena. Mahali pa kutia nanga huko ni pembamba mfano wa rafu ya vitabu ukutani. Neno hili tunaomba mlishike, maana kesi yote imo humo.

Tulifika Matema siku ya Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, ambapo akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Ni jambo la kupendeza kuwatazama wakishusha vyungu vile vyembamba bila kimoja kuvunjika. Mtumbwi uliokuwa umemaliza kushusha ukatuchukua mpaka kijiji alikokaa kijana wetu. Kilo chache za viazi tulizobeba kuwa zawadi zilipokelewa kwa furaha kuliko sisi wenyewe, wala hatuwalaumu.

Mwenye mashua alitupokea kwa heshima. Akatupa kiti, akaagiza samaki, kisha akasema maneno yake wazi: "Mwalimu, mimi simchukii kijana wako. Lakini mtu wa mlimani hajui fundo. Alifunga jioni, asubuhi mashua haipo. Kama si fundo, ni nini?" Kijana alikuwa ameketi nyuma ya watu, hakuinua macho. Alikuwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba alifunga vizuri, na tangu siku ya kwanza hakuna aliyemsikiliza.

Tukauliza swali moja: mashua ilipopatikana, kamba ilikuwa wapi? Watu wakatazamana. Aliyeiona mashua kwanza, mvuvi wa kijiji cha jirani, alikuwapo barazani. Akasema, "Ilikuwa inaning'inia mbele, na jiwe lake lipo mwishoni. Ilinipa taabu kuipandisha." Jiwe hilo lilikuwa kopo kubwa la rangi lililojazwa saruji na kokoto, lenye pete ya nondo juu. Basi fundo la mashuani lilikuwapo, na fundo la kwenye pete lilikuwapo. Mashua ilisafiri usiku kucha pamoja na nanga yake, kama mbuzi aliyekimbia na kigingi.

Hapo mwenye mashua akanyamaza kidogo, akasema, "Kama ni hivyo, nanga ni nyepesi. Nitatengeneza kubwa zaidi." Wengi barazani wakaitikia. Ndugu wasomaji, hili ndilo kosa la kwanza tunalotaka kulisema, maana ndilo shauri la kila mtu nanga inapokokoteka: ongeza uzito. Nasi tukaomba ruhusa kujaribu kabla saruji haijakorogwa.

Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile tupimiayo viazi. Tukalipima kopo hewani: kilo 22. Tukalizamisha lote majini likiwa bado linaning'inia kwenye mizani: kilo 12 na nusu. Wengine walicheka, wakidhani mizani imeharibika. Lakini ndivyo ilivyo kwa kila kitu kizamacho: maji hukiinua kwa kadiri ya nafasi kinayoichukua. Saruji hupoteza zaidi ya sehemu mbili katika tano za uzito wake, jiwe gumu la mlimani karibu hivyo hivyo, lakini chuma hupoteza sehemu moja tu katika nane. Kwa hiyo anayetengeneza nanga ya saruji ya kilo 40 atavunjika mgongo akiipandisha mashuani, na ikifika chini ni nanga ya kilo 23.

Kisha tukaliweka kopo kwenye mchanga, maji yakitufika kiunoni, tukalivuta kwa usawa kwa kamba na mizani. Lilianza kwenda kabla mizani haijafika kilo 8. Kijana mdogo wa shule aliweza kulivuta. Halafu tukaazima nanga ya chuma kutoka mashua ya jirani, ya mikono minne iliyokunjwa, kazi ya fundi wa kuchomea, nondo tupu. Uzito wake wote hewani haukuzidi kilo 6. Tukaiburuta kidogo mpaka mkono mmoja ukazama mchangani, tukavuta kwa usawa: mizani ikapita kilo 30 na nanga haikutoka. Lakini kijana mwingine aliposimama juu ya jiwe karibu nayo akavuta kuelekea juu, ilichomoka kwa mkono mmoja.

Yule mzee wa kijiji, ambaye mpaka hapo hakusema neno, akacheka. "Hivyo ndivyo tunavyoing'oa asubuhi," akasema. "Tunakuja juu yake." Naye amesema kweli yote kwa maneno machache. Nanga haishiki kwa kulala nzito. Hushika kwa kuvutwa chini chini, ili mkono wake uendelee kuzama. Ukiivuta kutoka juu, unaing'oa mwenyewe bila kutaka.

Tumeona basi kwamba swali la kwanza si uzito, bali ni urefu wa kamba. Kamba ya mashua ile ilikuwa mita 8. Mahali ilipotiwa nanga pana maji ya mita 3, na kutoka usawa wa maji mpaka ukingo wa omo, yaani mbele ya chombo, ni nusu mita. Jumla mita 3 na nusu. Kamba ilizidi mara mbili na kidogo. Wenye kazi hii huhesabu mara tano wakati wa utulivu, na mara saba upepo unapovuma. Yaani kwa mashua ile mita 17 na nusu, au 24 na nusu. Wengi husahau kuhesabu ile nusu mita ya juu. Penye maji mengi haidhuru, lakini penye maji machache hudhuru sana: katika maji ya mita 1, omo iliyo nusu mita juu huongeza hesabu kwa nusu nzima. Ndiyo sababu mtu hushangaa nanga yake ikishika mahali pa kina na kukataa mahali pa karibu.

Na kamba yenyewe ni ya namna gani? Ile ilikuwa kamba ya plastiki ya rangi ya buluu, iliyo rahisi madukani. Hiyo huelea. Upepo unapopungua, kamba huinuka juu ya maji, na upepo unaporudi huivuta nanga kwa ghafula kutoka juu. Tena pangaa la mashine ya jirani huikata usiku bila mtu kujua. Kamba ya nailoni huzama, nayo hunyumbuka, hupunguza mshtuko wa mawimbi. Kamba ya katani ni nzuri ikiwa kavu, lakini iachwapo na maji hubunda ndani huku nje ikionekana nzima. Ifungueni nyuzi zake muone, na kama ndani ni kahawia na inanuka, isiaminiwe. Mita mbili tatu za mnyororo kati ya kamba na nanga zina faida mbili: hulaza mvuto chini, na hazikatwi na miamba. Fedha ambayo mtu angenunulia mifuko ya saruji, na anunue mnyororo.

Lakini tulikuwa hatujafika bado kwenye kiini. Mashua nyingi za kijiji kile hufungwa kwa kamba fupi, wala haziendi kila usiku. Kwa nini usiku ule? Tukaingia mtumbwini na mzee, tukachukua kamba nyembamba yenye fundo kila mita moja na jiwe dogo mwishoni. Watu wa pwani huiita bildi, nayo ni chombo cha kwanza cha baharia, hata kabla ya nanga. Wasomaji watakumbuka habari ya merikebu ya Mtume Paulo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27: mabaharia walipima maji, wakapata pima 20, wakaenda mbele kidogo wakapima tena, wakapata 15, ndipo wakajua kwamba nchi inakaribia, wakatia nanga nne. Hawakutia nanga kabla ya kupima mara mbili. Kupima mara moja humwambia mtu kina. Kupima mara ya pili humwambia mteremko.

Basi tukapima. Mahali pa nanga, mita 3. Tukasogea kuelekea ziwani urefu wa mashua mbili: mita 9. Tukasogea mara nyingine kiasi hicho: mafundo 25 ya kamba yetu yakaisha yote, na jiwe halikugusa kitu. Mzee akamtazama kijana, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ulifunga ukingoni mwa dari."

Mkiifikiri kamba ya mita 8, mambo yote yanakuwa wazi. Usiku ardhi hupoa kuliko maji, na upepo hutelemka kutoka milimani kwenda ziwani. Uliisukuma mashua nje. Kopo likavutwa kuelekea mteremkoni, upande ambao hata uzito wake wenyewe wapenda kwenda, likatambaa kidogo kidogo. Lilipofika mahali penye maji yanayozidi mita 7 na nusu, liliacha kugusa chini, likaning'inia. Tangu hapo hapakuwa na nanga tena, ila jiwe linalotembea. Nanga ya kilo 40 ya saruji ingefanya vivyo hivyo, labda kwa kuchelewa saa moja. Asubuhi upepo wa kusini, ambao watu wa ziwa huuita mwera, ukaitupa mashua miambani. Nao si upepo wa kuchezewa miezi ya Mei mpaka Agosti. Meli Vipya ilizama katika dhoruba ya ziwa hili mwezi wa Julai mwaka 1946, watu wengi wakafa, nayo ilikuwa meli ya chuma.

Mtu atasema, basi afungue kamba ndefu, mita 24, na kazi imekwisha. Haikwisha. Penye rafu nyembamba kamba ndefu ni hatari nyingine: upepo ukigeuka kutoka ziwani, mashua huzunguka na kufikia miamba ya pwani. Kwa kweli tulisimama hapo muda mrefu tukibishana, maana kila dawa ilikuwa na sumu yake. Aliyetutoa ni mzee. Alisema kwamba baba yake hakutia nanga upande wa nchi kavu hata siku moja. Alifunga kamba kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, mpaka kwenye mti au jiwe kubwa la nchi kavu, na nanga akaitupa mbele, mteremkoni, kuelekea kilindi. Mashua ikakaa katikati, omo ikitazama ziwa.

Tuliijaribu, na tukafahamu uzuri wake. Upepo wa mlimani uvumapo, kamba ya mti ndiyo inayobeba, na mti hauburuzwi. Upepo wa ziwani uvumapo, nanga ndiyo inayobeba, lakini sasa yavutwa kupanda mteremko, na kila mvuto huizidishia kuzama. Mteremko ule ule ulioiiba mashua umegeuka kuwa msaidizi. Kamba ya nanga ni ndefu, lakini mashua haizunguki, kwa kuwa imeshikwa nyuma. Mawimbi makubwa, yatokayo ziwani, huipiga omo, iliyo juu na imara. Katika hili hatuwafuati mabaharia wa Paulo, waliotia nanga zao tezini; wao walikuwa na sababu, walitaka omo ielekee nchi ili kukipambazuka waikimbize ufukoni. Mashua ndogo yenye mashine nyuma, ikifungwa nanga tezini penye mawimbi, hujaa maji upesi na kuzama papo hapo ilipofungwa.

Kama mashua si nzito mno na watu wapo, kuivuta mchangani ni bora kuliko yote haya. Usiku ule walikuwa watatu tu, na mashua imejaa maji ya mvua.

Kwenye maji machache kabisa yenye mchanga, kama upande wa Kyela, wengi hawatii nanga. Huchomeka upondo, yaani mti mrefu, na kufunga chombo hapo. Ni njia njema, na ya kale. Watu wa pwani ya bahari huitumia pia. Tena tumesoma kwamba huko Marekani wavuvi wanaovua kwa burudani wamefunga tezini mwa mashua zao upondo wa mashine, wa futi 8 au 10, unaoshuka wenyewe kwa pampu ya mafuta au kwa umeme mtu akibonyeza kidude. Nao una magonjwa yake: usiposhuka, huangalia kwanza betri na nyaya zake, kisha mafuta ya pampu kama yamevuja, kisha mchanga na majani yaliyokwama maungioni. Lakini ugonjwa mkubwa ni ule ule wa upondo wa mwanzi: hauwezi kushika mwamba, wala hauwezi kuwa mrefu kuliko ulivyo. Anayetumia upondo na aangalie mawili. Auchomeke kwa kuutikisa huku na huku mpaka ukae, si kwa kuupiga mara moja. Na kamba aifunge kwa kitanzi kilegevu kinachoweza kupanda na kushuka juu ya mti, la sivyo kila wimbi litakaloiinua mashua litaung'oa upondo kidogo. Baharini huko, Unguja na Bagamoyo, maji yenyewe hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua huweza kuzidi mita 3. Asiyeacha kitanzi kipande, akirudi hukuta mashua imelala upande au upondo umekwenda. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo, basi tusiombe radhi kwa uvivu.

Penye miamba taabu hugeuka: nanga hushika mno. Wavuvi wawili walituambia wamekata kamba mwaka huu kwa sababu nanga zilikwama. Tuliwaonyesha dawa ambayo nasi tulifundishwa zamani. Kamba isifungwe kwenye pete ya juu ya nanga, bali chini kabisa, penye shina la mikono. Kisha ipandishwe kando ya mti wa nanga na kufungwa kwenye pete kwa uzi dhaifu tu. Siku zote nanga itavutwa kutoka juu kama kawaida. Ikikwama, simameni juu yake mvute kwa nguvu. Uzi hukatika, na mvuto unageuka kuwa wa kinyumenyume, nanga hutoka kwa njia iliyoingilia. Tahadhari moja: msifanye hivi kwa mashua inayolala usiku peke yake, maana uzi waweza kukatika bila ruhusa. Kwa usiku, fungeni kamba nyembamba ya pili chini ya nanga yenye chelezo juu, hata chupa tupu ya plastiki yafaa.

Tena mambo madogo, tuliyoyaona kwa macho siku ile. Mvulana mmoja aliitupa nanga kwa mbali kama atupaye jiwe kwa ndege. Kamba ikajizungusha mikononi mwa nanga, na nanga ikalala chali. Ishusheni polepole mpaka iguse, kisha rudisheni chombo nyuma kwa kasia, mkilegeza kamba, na mkifika urefu mnaoutaka mfunge, mpige kasia mara chache muone kama imeshika. Shikeni kamba kwa mkono: nanga iliyoshika huvuta kwa utulivu, nanga inayokokoteka hutetemesha kamba, na mkono huihisi kabla jicho halijaona. Kisha chagueni vitu viwili nchi kavu vilivyo katika mstari mmoja, mti na pembe ya nyumba nyuma yake. Mashua ikisimama, haviachani. Vikianza kuachana, amka.

Hapo ndipo kijana wetu alipokosa, nasi hatukumficha. Alifunga, akala, akalala pwani mpaka asubuhi, asiamke hata mara moja kutazama, na upepo wa mlimani aliusikia akiwa kitandani. Alikiri mwenyewe mbele ya watu. Lakini pia ilionekana kwamba aliyemwonyesha mahali pale pa kutia nanga, akamkatia kamba ya mita 8, ni mwenye mashua mwenyewe. Naye hakulikana neno hilo, twamsifu. Wazee wakakaa, wakasema mpaka jua likashuka. Mwishoni ikaamuliwa kwamba wavu ni hasara ya mwenye chombo. Kijana atasaidia bila ujira kuitengeneza mashua mpaka mbao mbili zikae, kazi ya majuma matatu. Na ujira wake uliokwisha kukatwa utarudishwa nusu. Sisi tungependa urudishwe wote, tukasema hivyo, tukashindwa.

Saruji iliyokuwa imenunuliwa itakwenda kwenye sakafu ya nyumba. Nanga ya nondo imeagizwa kwa fundi wa Kyela, pamoja na mita 3 za mnyororo.

Tulipanda mlima kwa siku mbili, magoti yakilalamika. Mama yule alikuwa akitungoja njiani kabla hatujafika nyumbani. Tulimweleza habari ya kulala, naye akainamisha kichwa. Kisha tukatoa mfukoni kipande cha kamba ya buluu chenye fundo, tukampa mkononi. Wavuvi walitaka kukitoa kopo kwenye kamba ile ili walitumie kuzuia mlango, na watu wawili walihangaika na fundo la mwanawe hata wakachoka. Ilibidi likatwe kwa kisu.

Viazi, tukijaliwa, mwezi ujao.